Mali Bila Daftari: Houston Ilikataa Nini Ilipokataa Dola Bilioni 4.4?

Tarehe 5 Novemba 2024, siku Wamarekani walipomchagua rais, wakazi wa wilaya ya shule ya Houston, Texas (chombo kinachoendesha shule za umma za eneo hilo na kutoza kodi kwa ajili yake), walikuta maswali mawili zaidi kwenye karatasi yao ndefu ya kura. Hoja A iliomba ruhusa ya kukopa dola bilioni 3.96 za kujenga na kukarabati shule. Hoja B iliomba milioni 440 za teknolojia. Jumla bilioni 4.4, hatifungani (hati za mkopo unaolipwa na riba kwa miaka mingi) kubwa kuliko zote ambazo wilaya ya shule ya Texas ilikuwa imewahi kuzipeleka kwa wananchi. Hoja zote mbili zilianguka, tena kwa kishindo: karibu asilimia 58 ya wapiga kura walisema hapana.

Hali ya majengo haikuwa na ubishi. Mara ya mwisho Houston kupitisha hatifungani ya shule ilikuwa 2012, na kiyoyozi kikifa katikati ya Agosti katika jiji lile darasa halikaliki. Mpango wenyewe, ukiusoma bila hasira, ulikuwa na mantiki: takriban bilioni 2.05 za kujenga upya na kukarabati shule, bilioni 1.35 za viyoyozi, usalama, na kuondoa risasi kwenye maji (risasi ya mabomba, ingawa katika shule za Marekani inabidi useme ni ipi). Na bilioni moja iliyobaki ya madarasa ya awali, vituo vya ufundi na vifaa vya teknolojia.

Shida ilikuwa nani anaomba. Juni 2023 kamishna wa elimu wa jimbo, Mike Morath, aliiweka kando bodi iliyochaguliwa na wananchi, akateua mameneja tisa pamoja na msimamizi mkuu mpya, Mike Miles. Kwa hiyo bodi iliyokuja kuomba mkopo wa miaka mingi haikuwa imepigiwa kura na mkazi hata mmoja. Matokeo yake yakawa kioja: chama cha walimu kilipinga, chama cha Democratic cha kaunti ya Harris kikapinga, na cha Republican cha kaunti hiyo hiyo nacho kikapinga. Wafanyabiashara wakubwa wa jiji waliunga mkono, wakazidiwa. Wito wa wapinzani ulikuwa mfupi: hakuna imani, hakuna hatifungani.

Nadhani wapinzani hao waliisoma hali vizuri kuliko walivyoisoma karatasi. Hoja yao ilikuwa juu ya watu, na watu hubadilika; deni hubaki. Kilichopungua Houston kingepungua hata kama bodi ingekuwa ya malaika: hapakuwa na sharti la kisheria linalomfunga mkopaji kwenye orodha ya miradi aliyoitangaza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sheria ya Texas inamruhusu mkopaji kufika dukani bila daftari, na inamwachia mwananchi neno moja tu la kujitetea, nalo ni hapana.

Tuanze na namna fedha zenyewe zinavyokaa. Wilaya ya shule ya Texas ina mifuko miwili inayojazwa na kodi ya majengo. Wa kwanza ni wa uendeshaji: mishahara, umeme, vitabu, mafuta ya mabasi, kuziba paa linalovuja. Wa pili ni wa deni, na kazi yake ni moja, kulipa hatifungani na riba zake. Mwalimu hawezi kulipwa kwa fedha za hatifungani. Anayewaambia wazazi kwamba kura ya ndiyo itapandisha mishahara anawadanganya, na anayedai kwamba bilioni hizo zingeweza kuwarudisha walimu waliopunguzwa naye anapotosha.

Mifuko hiyo inatofautiana pia mbele ya serikali ya jimbo. Wilaya yenye majengo ya thamani kubwa hulazimika kurudisha sehemu ya fedha za uendeshaji ili zigawiwe wilaya nyingine, na Houston imekuwa miongoni mwa wanaorudisha. Fedha za mfuko wa deni haziguswi kwa utaratibu huo; kila senti inabaki nyumbani. Ndiyo maana wahasibu wa wilaya hupenda kuhamishia kwenye hatifungani kila kitu ambacho sheria inaruhusu, hata mabasi na kompyuta. Hapo ndipo mpiga kura anapaswa kukodoa macho.

Chukua mkopo wa dola bilioni 1 kwa riba ya asilimia 4, unaolipwa kwa mafungu sawa kila mwaka. Ukilipwa kwa miaka 20, wilaya italipa jumla ya bilioni 1.47. Kwa miaka 25 ni bilioni 1.60, na kwa miaka 30 ni bilioni 1.73 na ushee. Kila miaka mitano inayoongezwa inakula karibu milioni 130 za riba. Lakini malipo ya kila mwaka yanashuka kutoka milioni 73.6 hadi 64, kisha 57.8, na mwanasiasa huangalia mstari huo wa mwaka kwa sababu ndio unaoonekana kwenye bili. Jengo lililojengwa vizuri hudumu miaka 50 au zaidi, hivyo kulikopea kwa miaka 25 si dhambi: watoto watakaolitumia ndio ambao wazazi wao watalilipia. Kompyuta ya mwanafunzi huishi miaka minne, mitano ukibahatika. Ikilipiwa kwa miaka 20, wilaya itakuwa inalipa riba ya takataka. Ndiyo sababu nzuri ya sheria ya 2019 kuagiza vifaa vya teknolojia viwe na hoja yake kwenye karatasi, sawa na viwanja vya michezo vyenye viti zaidi ya 1,000, mabwawa ya kuogelea na nyumba za walimu. Ukiona hoja ya teknolojia, swali la kwanza ni hatifungani zake zitakomaa baada ya miaka mingapi. Kama jibu ni zaidi ya mitano, mimi ningekataa bila kusoma kurasa zilizobaki.

Halafu kuna ile kauli iliyochosha masikio: kiwango cha kodi hakitaongezeka. Wilaya ya Houston iliisema, na haikuwa uongo. Tuseme kiwango cha deni ni senti 17 kwa kila dola 100 za thamani ya jengo. Deni la zamani linaendelea kulipwa, na baada ya miaka michache kiwango hicho kingeweza kushuka hadi senti 12. Mkopo mpya unaingia kwenye nafasi inayoachwa na ule wa zamani, kiwango kinabaki 17. Hakikupanda, ila kilizuiwa kushuka. Nyumba yako ikithaminiwa juu zaidi mwaka unaofuata, utalipa zaidi kwa kiwango kile kile. Wakati huo huo sheria nyingine ya 2019 inalazimisha kila hoja ya hatifungani ya shule iandikwe kwa herufi kubwa kwamba hii ni nyongeza ya kodi ya majengo, hata pale kiwango kisipobadilika. Mpiga kura wa Houston akapokea kipeperushi kinachosema hakuna nyongeza, akafika kituoni akasoma kwamba kuna nyongeza. Sheria ilitaka kumlinda mlipakodi, ila kwa kumwambia neno lile lile katika kila hali imempa kengele isiyonyamaza, na kengele ya namna hiyo watu huizoea.

Ukitaka hesabu yako mwenyewe, ni ya kuzidisha tu. Nyumba ya dola 300,000 unayoishi mwenyewe hupunguziwa 140,000 katika kodi ya shule, kwa kiwango kilichopitishwa na wapiga kura wa Texas Novemba 2025. Inabaki 160,000. Kila senti moja ya kiwango ni dola 16 kwa mwaka. Nyongeza ya senti tano ni dola 80. Mwenye umri wa miaka 65 na kuendelea kodi yake ya shule hugandishwa kwenye nyumba anayoishi, kwa hiyo hatifungani mpya haimwongezei bili. Lakini wazee ndio wanaojitokeza kwa wingi kupiga kura, na wengi hukataa wakidhani wanaokoa mfuko wao. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo.

Mpangaji hana punguzo lolote. Jengo la fleti 150 lenye thamani ya dola milioni 20 hutozwa kwa thamani yote. Kila senti ni dola 2,000 kwa mwaka, sawa na dola 13 na senti 33 kwa fleti. Mwenye jengo hatatuma barua kueleza. Ataiweka kwenye kodi ya pango mkataba ukiisha. Nalisema hili kwa sababu familia nyingi za Wakongomani zilizofika Houston kama wakimbizi, wazungumzaji wa Kiswahili kati yao, hukaa kwenye fleti za kupanga upande wa kusini-magharibi wa jiji, na utasikia mtu akisema kodi ya majengo haimhusu kwa kuwa hana nyumba. Inamhusu, tena bila punguzo.

Sasa tuingie kwenye ujenzi, maana hapa ndipo makadirio mazuri hufia. Bei ya mradi inayotangazwa kabla ya kura huwa imekadiriwa na wahandisi waliokagua paa, mitambo na misingi kwa macho, bila kubomoa ukuta. Katika kila dola ya mradi, robo hivi au zaidi haiendi kwenye tofali wala nondo: ni wasanifu, vipimo vya udongo, vibali, usimamizi, samani, na madarasa ya muda ya kuhamishia watoto. Kisha kuna fungu la dharura. Kwa jengo jipya asilimia 5 hutosha. Kwa ukarabati wa jengo la miaka ya 1950 au 1960 chini ya asilimia 10 ni kucheza kamari. Fundi anafungua dari aweke njia mpya za hewa, anakuta mabomba yamevikwa asbesto, nyuzi za madini zenye sumu kwa mapafu. Kazi inasimama, anaitwa mkandarasi mwenye leseni ya kuiondoa, eneo linafungwa kwa plastiki, hewa inapimwa, na wiki tatu za likizo zimekwenda. Likizo yenyewe ni wiki kumi tu. Ratiba ikipitiliza Agosti, ama watoto wanaingia kwenye vumbi, ama kazi inasubiri Juni inayofuata kwa bei mpya.

Asbesto ingeweza kujulikana mapema. Sheria ya shirikisho ya 1986 inataka kila shule iwe na mpango wa asbesto ulioandikwa, ukaguzi upya kila baada ya miaka mitatu, na waraka uwepo kwa mzazi yeyote anayeuomba. Nenda ofisi ya shule ukauombe. Kama makadirio ya ukarabati hayautaji, aliyekadiria hakuusoma.

Udongo wa Houston nao ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ndugu wa ule udongo mweusi wa mbuga unaowatesa wajenzi wa Shinyanga. Msingi wa zamani uliokaa juu juu hucheza, mlango haufungi, bomba la majitaka chini ya sakafu hukatika. Kutengeneza bomba hilo maana yake ni kukata zege ndani ya korido. Hakuna kipeperushi cha kampeni kitakachokuonyesha picha yake.

Na foleni ina bei yake. Shule ya dola milioni 50 ikisubiri miaka minne huku gharama za ujenzi zikipanda asilimia 5 kila mwaka, itagharimu milioni 60.8. Ama wilaya inatafuta hizo milioni karibu 11, ama inapunguza mradi: ukumbi unaondoka, maktaba inakuwa kona ya korido. Houston inalijua hili. Hatifungani ya 2012 ilikuwa ya dola bilioni 1.89 kwa shule 40, na kufikia 2015 bodi ililazimika kuziba pengo la milioni 211, sehemu kubwa ikilaumiwa mfumuko wa bei za ujenzi. Shule zilizotangulia zilijengwa kwa bei ya zamani. Kwa hiyo nafasi ya shule ya mwanao kwenye foleni ni fedha, na foleni hiyo haimo kwenye karatasi ya kura. Karatasi husema kwa maneno mapana: ujenzi, ununuzi, ukarabati na uwekaji wa vifaa katika majengo ya shule. Maneno hayo yanaweza kubeba karibu jengo lolote.

California imejaribu njia nyingine. Huko kodi ya majengo ilibanwa tangu 1978, na hatifungani ya shule ilihitaji theluthi mbili ya kura. Mwaka 2000 wapiga kura walikubali kushusha kiwango hadi asilimia 55, lakini kwa masharti: orodha ya miradi ianikwe kabla ya kura, ukaguzi wa hesabu na wa utendaji ufanyike kila mwaka, na iundwe kamati ya wananchi yenye watu wasiopungua saba ambao si waajiriwa wa wilaya wala wakandarasi wake. Kiwango cha kodi nacho kikawekewa dari. Texas inadai nusu ya kura na moja zaidi tu, na haimlazimishi mkopaji kuunda kamati ya namna hiyo; wilaya nyingine huiunda kwa hiari, na cha hiari huvunjwa kwa hiari. Idaho inadai theluthi mbili, na huko shule nyingi za vijijini zimechakaa huku walio wengi wakiwa wamekubali mara kadhaa bila kufikisha. Kizingiti kirefu hakimlindi mlipakodi dhidi ya matumizi mabaya, kinachelewesha matumizi yote, mabaya na mazuri.

Daftari la California nalo lina tundu. Wilaya ya Poway, karibu na San Diego, mwaka 2011 ilikopa dola milioni 105 kwa hatifungani ambazo riba yake haikulipwa mwaka hadi mwaka bali ilirundikwa juu ya deni. Malipo yangeanza 2033 na kwisha 2051, jumla yakikaribia bilioni moja. Kamati za wananchi huhesabu fedha zilivyotumika. Masharti ya deni hayakuwa kazi yao. Ndipo 2013 jimbo likaweka kikomo kwamba hatifungani za aina hiyo zisizidi miaka 25 na marejesho yasizidi mara nne ya kilichokopwa. Texas ilibana za kwake 2015, kwa miaka 20. Kwa kukopa, Texas ina breki nzuri: mwanasheria mkuu wa jimbo lazima aidhinishe kila hatifungani, wilaya lazima ionyeshe inaweza kulipa bila kiwango cha kodi ya deni kuvuka senti 50 kwa kila dola 100, na mfuko wa kudumu wa shule ulioanzishwa 1854 unaweza kudhamini deni hilo ili riba iwe ndogo. Mwekezaji analindwa kila upande. Mzazi anayetaka kujua kwa nini shule ya mtaa wake imerushwa kutoka mwaka wa pili hadi wa sita hana wa kumlilia.

Waliopiga kura ya hapana Houston hawakupata daftari kwa kura hiyo. Mameneja wa kuteuliwa walibaki, na 2025 jimbo likaongeza muda wao hadi 2027. Viyoyozi viliendelea kuzeeka, vikitengenezwa kwa fedha za mfuko wa uendeshaji, ule ule unaolipa walimu. Hiyo ndiyo gharama ambayo wapinzani hawakuisema kwa sauti, na walipaswa kuisema.

Hoja ikirudi, na itarudi, mambo ya kudai yanajulikana. Azimio la bodi linaloitisha uchaguzi litaje kila shule, kiasi chake, na mwaka wa kuanza. Kamati iundwe ndani ya azimio hilo, si baada yake, ikiwa na haki ya kuona mikataba na kila mabadiliko ya bei. Hatifungani ziuzwe kwa mafungu kadiri miradi inavyokuwa tayari, kwa sababu kanuni za kodi za shirikisho zinataka muuzaji awe na matarajio ya kweli ya kutumia asilimia 85 ya fedha hizo ndani ya miaka mitatu. Na mfuko wa uendeshaji utenge fedha za matunzo ya mitambo mipya. Chila (mtambo mkubwa wa kupoza maji ya viyoyozi) isiyosafishwa inayolipiwa kwa miaka 25 hufa kabla ya deni lake.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili kuna la ziada. Karatasi za kura za kaunti ya Harris huchapishwa kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Asiyesoma Kiingereza ana haki ya kwenda na msaidizi anayemchagua mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi, na msaidizi ataapishwa kituoni. Kujiandikisha hufungwa siku 30 kabla ya uchaguzi. Asiye raia asijiandikishe kabisa, hata afisa akimsogezea fomu; kosa hilo linaweza kumharibia haki yake ya kuishi Marekani. Ila mikutano ya bodi iko wazi kwa kila mzazi, raia au la, na hapo ndipo maneno ya hoja hutungwa.

Muda wenyewe ni mfupi. Sheria ya Texas inataka uchaguzi uitishwe siku 78 kabla, yaani katikati ya Agosti kwa kura ya Novemba, na katikati ya Februari kwa kura ya Mei. Baada ya bodi kuuitisha, vipeperushi vitachapwa na mikutano itafanyika, lakini maneno ya karatasi hayabadiliki tena.